Tulikochapisha kitabu cha historia ya kanisa letu la Baptist, Mbeya

Watu wengi wameniuliza kile kitabu cha historia ya kanisa letu tulichapisha wapi na kwa shilingi ngapi, sasa naandika hapa mara moja wote msome. Ni duka la uchapaji hapahapa Mbeya mjini, jina silitaji kwa sababu kuna malalamiko nitayasema na mwenye duka tulishayamaliza kwa amani, anayetaka kwenda kweli aniulize pembeni nitamwelekeza. Nyota nawapa 4 kati ya 5. Kazi ya picha peke yake ni 5 kabisa, kazi ya maandishi peke yake ningewapa 2, ila namna walivyosahihisha kosa lao ndo imewapandisha.

Mi ni katibu wa kamati ya historia kanisani kwetu. Kamati yenyewe ilianza kwa uchungu maana ndani ya mwaka mmoja tulizika wazee watatu, na wote watatu walikuwa katika wale watu 23 waliobatizwa siku ile ya kwanza mtoni. Tukahesabu kwenye matanga ya yule wa tatu tukakuta amebaki mmoja tu, Bibi, na Bibi anakaa Uyole, miguu inamsumbua, masikio ndo hivyo. Mama mchungaji akasema hapohapo jamani tukiendelea kusema tutaandika tutaandika, mwakani hatuna wa kumuuliza. Wiki ile ile tukaanza kwenda Uyole kila Jumamosi na daftari na simu ya kurekodi.

Niwaeleze kidogo historia yenyewe ili mwelewe kwa nini kosa la duka liliniuma vile. Sisi Wabaptisti huku kusini tulichelewa kufika. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na wamisionari wa Berlin, yaani Walutheri, mwaka huohuo wakashika upande wa chini kuelekea Ziwa Nyasa, ndo maana ukikuta ukoo wa Kinyakyusa uliokaa kanisani vizazi vinne vitano basi mara nyingi mizizi yake iko huko. Wamisionari wa Baptist kutoka Marekani wameingia Tanganyika 1956, miaka 65 baadaye, na wale wa mwanzo hawakutoka kwao moja kwa moja, walikuwa Nigeria tayari wanafanya kazi ndo wakahamishiwa huku. Hapa Mbeya mlango wao ulikuwa hospitali ya kifua kikuu, mwishoni mwa miaka ya 50.

Na hapo ndo Bibi anapoingia. Aliletwa na lori kutoka kwao milimani Rungwe akiwa msichana, amekonda, anakohoa damu, kwao wameshaanza kumtengea sahani na kikombe. Siku hizi dozi ya kifua kikuu ni miezi sita na unakunywa ukiwa nyumbani, enzi zile ilikuwa sindano za streptomycin na vidonge, unakaa wodini mwaka na zaidi. Bibi anakumbuka blanketi la kijivu, anakumbuka uji, anakumbuka na mwinjilisti aliyekuwa anapita kitanda kwa kitanda jioni na Biblia na kijitabu cha a e i o u. Alijifunzia kusoma pale kitandani. Anasema watu wa nyumbani walikuwa wanaogopa kumshika mkono ila yule mwinjilisti alikuwa akifika anamshika mkono kwanza ndo anaongea. Hii nimeisikia mara nne na kila mara akifika hapo ananyoosha mkono wake anauangalia.

Basi waliopona na wakabaki huku mjini wakaanza kukutana nyumbani kwa mmoja wao, uani, chini ya mti wa parachichi. Watu 23 wakabatizwa mtoni mwezi wa sita, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita anaelewa ninachosema, asubuhi nyasi zina barafu. Kwetu ubatizo ni wa maji mengi, unazama mzima, na hatubatizi mtoto mchanga, mtoto anawekwa wakfu tu, kubatizwa ni mpaka mtu aamini mwenyewe aseme mwenyewe. Shikeni hilo maana litarudi.

Picha zilikuwa 64. Za zamani ni ndogondogo, nyeusi na nyeupe, zile zenye kingo za mawimbi, nyingine nyuma zimeandikwa kwa penseli. Ile ya mtoni, ya wale 23, ilikuwa kwenye fremu ukutani kwa Bibi na ilikuwa imegandana na kioo, unyevu wa miaka yote hiyo, na mjukuu wake alitaka kuibandua kwa kisu. Nikasema hapana, tubebe na fremu yake. Pale dukani kuna kijana wa mashine ya kuskani, huyu ndo namsifia bila kubakiza neno. Alivyoiona tu akasema mama usiibandue, ukibandua sura zinabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi. Akaitoa fremu ya mbao, kioo akakisafisha kwa kitambaa kikavu, akaiskani na kioo chake hivyohivyo kwa kipimo cha 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, akaniambia kwa picha ndogo kama hii 300 haitoshi ukitaka kuikuza ijaze ukurasa.

Ilipotokea kwenye skrini akaivuta. Jamani. Mi ile picha nimeiangalia miaka yote nikienda kumsalimia Bibi, sikuwahi kuona kwamba nyuma ya wale waliosimama majini kuna mwanamke ukingoni ameshika blanketi mikononi amelikunjua tayari, anasubiri anayetoka majini amfunike. Blanketi la kijivu lina mstari mmoja upande wa chini. Nikampigia Bibi simu palepale dukani nikamuuliza, akanyamaza kidogo, akasema hilo ni la hospitali, tuliazima, lilikuwa moja tu tukapokezana watu wote. Watu 23 blanketi moja. Kijana wa mashine akaacha kuskani akawa anasikiliza.

Kuskani walitutoza 500 kila picha, jumla 32,000, na wakatupa kila kitu kwenye flashi, picha zenyewe kubwakubwa, hawakung'ang'ania kubaki nazo kama wanavyofanya wengine. Picha za asili wakazirudisha kwenye bahasha zilezile na namba zilezile. Kwa hili tu ningewatuma watu wote kwao.

Sasa tuje upande wa pili, dizaini.

Dizaina wa pale ni mwingine, mkubwa kidogo, ana kazi nyingi, alikuwa na kadi za harusi na vipeperushi vimejaa mezani. Ameshawahi kutengeneza kitabu cha jubilei cha kanisa lingine, kwa hiyo akachukua kile kile akamwaga maandishi yetu ndani. Nilipofungua sampuli ya kwanza jalada linasema USHARIKA WETU. Sisi hatusemi usharika, usharika ni neno la Wamoravian na Walutheri, sisi tunasema kanisa, kanisa la mahali, na sio ubishi wa maneno, kwetu kila kanisa la mahali linajiamulia mambo yake lenyewe, washirika wanakaa wanapiga kura, na historia yote tuliyoandika ni ya watu waliokuwa wanakaa chini ya mparachichi kupiga kura wanunue bati au wamalize ukuta kwanza. Nikageuza ukurasa, chini ya ile picha ya mtoni imeandikwa "Wanakipaimara wa kwanza". Hatuna kipaimara, ile ibada ya kuwathibitisha waliobatizwa utotoni! Nilimwambia kaka yangu, hawa ni watu wazima waliotoka kwenye kifua kikuu wamesimama kwenye maji ya barafu, usiwaite wanakipaimara. Aliomba radhi, akasema yeye ni Mmoravian hakujua, nikamwelewa, akabadilisha. Ila kama nisingekuwa nimekaa pale pembeni yake ingepita.

Halafu kuna suala la kurembesha picha. Aliipitisha picha ya wazee wa kwanza kwenye programu fulani ya simu ikaweka rangi, magauni yakawa ya bluu, nyuso zikalainishwa zikawa kama za matangazo ya mafuta ya kupaka. Mzee mmoja alikuwa na kovu shavuni, kovu limefutwa. Nikampelekea Bibi aone kwenye simu akaniuliza huyu ni nani, na huyo ni mume wake. Nikarudi nikasema rudisha ilivyokuwa, nyeusi na nyeupe, na kovu lake. Akarudisha bila ubishi na hakutoza kitu.

Kosa kubwa lilikuwa hili. Kitabu kina kurasa 48. Ukurasa wa 7 ni chimbuko la Wabaptisti kwa ujumla, na huu ulitugombanisha kwenye kamati wiki tatu. Tulianza na Thomas Helwys, yule Mwingereza aliyeanzisha kanisa la kwanza la Baptist kwenye ardhi ya Uingereza karibu na London 1612, akamwandikia mfalme kwamba mfalme ni mtu kama watu wengine na hana mamlaka juu ya roho za watu, akafungwa na akafia gerezani. Tukaweka William Carey, fundi viatu, aliyekwenda India 1793. Mpaka hapo wote amani. Ugomvi ukaja kwenye 1845, maana makanisa ya kusini mwa Marekani, ambayo ndo baadaye yalituma wamisionari huku kwetu, yalijitenga na wenzao wa kaskazini mwaka huo kwa sababu ya utumwa, walitaka mwenye watumwa naye aruhusiwe kuwa mmisionari. Na 1995, miaka 150 baadaye, walikaa mkutano wao mkuu wakatubu hadharani na kuomba msamaha. Shemasi wetu mmoja mzee alisema hayo tusiweke, tunawaaibisha waliotujengea hospitali. Vijana wakasema tuweke. Mi nilikuwa upande wa kuweka na bado niko huko, kwa sababu mtoto wa shule ya Jumapili akiikuta mwenyewe kwenye intaneti atasema mlitudanganya. Mwisho yule mzee shemasi aliomba aandike hiyo aya yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kwa kweli aliiandika vizuri kuliko sisi wote, akaweka dhambi na toba kwenye sentensi moja.

Na ukurasa wa 8 ni majina ya wale 23, kwa mpangilio walivyoingia majini.

Sampuli ya mwisho niliipitia mwenyewe ila nawaambia ukweli niliipitia nikiwa nimechoka, nimetoka kazini, giza limeingia, nikaangalia picha na maelezo ya picha, kurasa za maandishi nikasema hizi tulishasahihisha. Nikasaini. Wakachapa kopi 150, tukachukua kopi 40 za kwanza zilizokwisha kupigwa pini ili tuwapelekee wazee kabla ya Jumapili ya sherehe.

Jumamosi nikampelekea Bibi ya kwake. Alivaa miwani, akaomba nimwonyeshe majina. Akaanza kushuka na kidole, kucha yake ina ufa katikati, anasoma kwa sauti taratibu kama alivyofundishwa kule wodini, silabi kwa silabi, na kila jina anasimama kidogo, huyu alikuwa mwimbaji, huyu alikwenda Zambia hakurudi, huyu alinipa kanga. Akafika namba 16 ukurasa ukaisha. Akageuza, huko kuna picha ya jengo. Akarudi. Akaniangalia. Yeye ni wa 19.

Sikuwa na la kusema. Nilirudi na bajaji mpaka dukani nikiwa natetemeka. Tulipofungua faili ndo nikaelewa ilivyotokea, na hii naomba kila anayechapisha kitu aijue: kwenye zile programu za kupanga kurasa maandishi yanakaa ndani ya sanduku, sanduku likijaa yanayozidi hayatoki nje wala hayasogei ukurasa unaofuata, yanajificha tu, kinabaki kialama kidogo chekundu pembeni ambacho dizaina anatakiwa akione. Alikuza herufi za kichwa cha habari dakika za mwisho ili zipendeze, majina saba yakasukumwa chini yakamezwa. Na ukurasa wa 7 vilevile, aya ya mzee shemasi imekatika katikati, toba yote haipo, imebaki dhambi peke yake. Yaani kama ingetoka vile Jumapili, mzee wa watu angeonekana ameandika kitu ambacho hakuandika.

Mwenye duka ni mama wa makamo. Kwanza alisema lakini ulisaini. Nikasema ndio nilisaini na sehemu yangu naibeba, ila sampuli niliyopewa asubuhi ile ilikuwa na majina 23 na herufi zilikuzwa baada ya hapo, nikamwonyesha ile sampuli nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaiangalia akahesabu mwenyewe. Hakubisha tena. Akaita vijana wote akasema leo hatufungi.

Kitabu cha kupigwa pini katikati hauwezi kubadilisha ukurasa mmoja, karatasi moja ikikunjwa inabeba kurasa nne, kwa hiyo 7 na 8 ziko kwenye karatasi moja na 41 na 42, zote nne zinachapwa upya. Na zile 40 zilizokwisha pigwa pini ilibidi zifunguliwe moja moja, pini zitolewe kwa mkono, karatasi ya nne itolewe iwekwe mpya, zipigwe pini tena kwenye matundu yaleyale ili jalada lisichanike. Nilikaa pale mpaka saa tano usiku, tukawa tunatoa pini na yule kijana wa mashine ya kuskani, mwenye duka akatuletea chai na maandazi. Baridi ilikuwa ya kufa mtu. Gharama yote ya karatasi na wino walibeba wao. Kopi 4 zilichanika majalada, wakachapa mengine.

Kuhusu bei, tulilipa 6,000 kwa kopi, kopi 150 ni 900,000, advansi nusu, iliyobaki wakati wa kuchukua, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa mara mbili. Kurasa za picha ni ati pepa, ile karatasi laini ya kuchapia picha, kurasa za maandishi ni bondi, karatasi ya kawaida ya ofisini, jalada ni karatasi nene yenye laminesheni. Mwanzoni walitaka kutuwekea picha kwenye bondi ileile ya gramu 80, nikakataa kwa sababu ukiinua ukurasa unaona picha ya nyuma inapenya, kwa hiyo ukienda sema mapema unataka ati pepa ya gramu 130 kwa picha na iandikwe kwenye ankara. Idadi ya kurasa panga igawanyike kwa nne, ukipeleka kurasa 46 watakuongezea mbili tupu mwishoni. Muda walisema siku 7 ikawa siku 11. Simu wanapokea. Ngazi za kupanda kule juu ni mbaya kwa wazee, na mahali pa kukaa ni benchi moja tu, kama una mzee anataka kuja kuona kazi mpelekee sampuli nyumbani.

Jumapili ile Bibi aliletwa na gari la shemasi. Nilikuwa nimemwekea kopi yake mpya, akaomba nimwonyeshe majina tena, pale pale kwenye benchi la mbele kabla ibada haijaanza, akashuka na kidole mpaka 19 akasimama hapo. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kisha akaendelea mpaka 23 kwa sababu wa 23 alikuwa rafiki yake.

Oda ya pili ya kopi 60 nimeipeleka Jumanne kwenye duka lilelile, kwa ajili ya washirika walio Tunduma na Kyela. Sampuli nimeisoma mchana, kwenye skrini na kwenye karatasi, majina nimeyahesabu na dizaina tukiwa wawili, yeye anasoma mi natia tiki, na ile faili ameifunga mbele yangu.